Chatu Asiyekula Mbele ya Watu

Chatu alikuwa ndani ya pipa la maji, kwenye stoo ya nyuma ya kituo cha polisi. Juu ya mfuniko Sajini alikuwa amepanga matofali mawili na mashine ya kupiga chapa iliyoharibika tangu enzi za mkuu wa kituo aliyetangulia. Pipa lilitobolewa matundu kwa msumari uliotiwa moto, na kila baada ya kitambo ndani yake palisikika mkwaruzo mzito, kama wa mtu anayeburuta gunia la mchanga sakafuni.

"Anajigeuza huyo," alisema Sajini, akarudi nyuma kidogo. "Afande, mimi nimewahi kulinda majambazi, nimewahi kulinda maiti. Nyoka sijawahi."

"Basi leo umepanda cheo," Inspekta alimjibu, macho yake yako kwenye kiatu kilichokuwa kiganjani mwake.

Kilikuwa kiatu cha mtoto, cha plastiki, chekundu, kimeliwa kisiginoni kwa kutembea upande. Mwenyewe ni binti wa msusi wa nywele, mtoto wa miaka miwili na ushei, ambaye jengo zima lilimwita Kibibi kwa vile alipenda kutembea mikono ameiweka nyuma kama kikongwe anayekagua shamba. Jana mchana mama yake alikuwa chini, saluni, vidole vimezama kwenye kichwa cha mteja. Mtoto alikuwa akicheza ujiani, huko juu, kama siku zote. Msusi aliposhtuka kwamba nyumba imenyamaza mno, akapanda ngazi mbiombio, hakumkuta. Alichokikuta ni mlango wa jirani yake, fundi saa, uko wazi; chatu wa fundi amelala katikati ya sebule, nje ya sanduku lake, tumbo limevimba kama aliyemeza mto; na kando ya kichwa cha chatu, kiatu kile.

Fundi mwenyewe hakuwapo. Aliporudi aliwakuta majirani wanamngoja ngazini. Polisi walimwokoa kwa taabu, mdomo umepasuka, shati limebaki kola. Asubuhi hii wale wale majirani walikuwa nje ya geti la kituo, na mmoja wao alikuja na dumu la mafuta ya taa, akasema ni la jiko lake.

"Kitazame vizuri," Inspekta alisema, akamsogezea Sajini kiatu. "Kina kamba ngapi?"

"Mbili."

"Zimekatika?"

Sajini alikigeuzageuza. "Zima kabisa. Zimefunguliwa tu."

"Zimefunguliwa, naam. Na vifungo vyake ni vya chuma, vigumu. Nimejaribu kukifunga na kukifungua, kucha zangu zimeuma. Nimemuuliza mama yake, akasema yeye mwenyewe hutumia meno. Sasa niambie. Aliyekivua kiatu hiki ni nani?"

"Si huyo..." Sajini alielekeza kidole kwenye pipa, kisha akakirudisha taratibu.

"Chatu hana vidole, Sajini."

Kabla Sajini hajapata la kusema, kelele zilipanda kwenye veranda. Walipotoka walimkuta msusi amesimama juu ya benchi, kitambaa kimemvuka kichwani, anampigia kelele aliyekuwa mumewe.

"Niache! Wampasue! Saa hizi hizi wampasue! Nimekaa usiku kucha natazama pipa. Kama mwanangu yumo, nimjue yumo. Kama hayumo, kwa nini tumeketi hapa kama watu wanaosubiri basi?"

Baba wa mtoto, dereva wa malori, alikuwa amepiga magoti sakafuni. Waliachana mwaka uliopita, na mahakama ikampa mama mtoto. Habari ilipomfikia jana jioni alikuja mbio, akalia mpaka askari wa zamu akampa kiti chake. Sasa aliukumbatia mguu wa benchi.

"Msimpasue," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nawaomba. Kama yumo, nipeni nimzike hivyo hivyo, na joka lake. Sitaki mwanangu apitiwe na kisu."

Mama mmoja aliyekuja kutafuta kitambulisho chake kilichopotea alianza kulia. Hata Sajini akatazama pembeni. Inspekta alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati.

"Baba, una hakika yumo?"

"Kiatu si mmekiona wenyewe?"

"Nimekiona," alisema Inspekta. "Nakuuliza wewe. Ungependa awemo, au asiwemo?"

Dereva alimtazama kana kwamba ametukanwa. "Hilo ni swali la kumuuliza mzazi?"

"Samahani," Inspekta alisema. "Mshusheni mama kwenye benchi, mpeni maji."

Fundi saa alikuwa katika chumba cha mahojiano, amekaa ukingoni mwa kiti. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye alama ya lenzi iliyojichora kuzunguka jicho la kulia kwa miaka mingi ya kuchungulia saa za watu. Alipomwona Inspekta, neno la kwanza lililomtoka halikuwa la kujitetea.

"Mwali yuko wapi? Mmempa maji?"

"Wewe!" Sajini alipiga meza. "Mtoto wa watu hajulikani aliko, unauliza maji ya nyoka!"

"Nauliza kwa sababu ameshiba, bwana mkubwa. Chatu akishiba hataki kuguswa. Mkimbeba na kumtikisatikisa, atakirudisha alichokula."

Inspekta aliketi. "Kwa hiyo unakubali amekula."

"Tumbo nimeliona kama mlivyoliona. Amekula. Lakini simjui aliyemlisha."

"Chatu hulishwa? Mimi nilidhani hujikamatia mwenyewe."

"Wengine ndiyo. Huyu hapana." Fundi alipangusa damu iliyokauka mdomoni. "Alipokuwa mdogo, mwembamba kama mkanda, nilimtilia panya aliye hai. Kumbe panya yule alikuwa na roho kuliko sisi wote. Akamng'ata chini ya jicho. Kovu analo mpaka leo, mkitazama mtaliona. Tangu siku hiyo kitu chochote kinachotembea anakikimbia. Panya akipita tu, anajikunja na kuficha kichwa."

Sajini aliachia cheko. "Chatu anaogopa panya! Afande, hilo liandike wewe. Mimi nitachekwa kituo kizima."

"Cheka, lakini ndivyo alivyo. Huyo mtoto alikuwa akija kugonga kioo cha sanduku, na aliyejificha ni Mwali." Akasogeza kiti mbele. "Nilimgombeza Kibibi, kweli. Nilimgombeza mbele ya mama yake. Lakini nilimgombeza kwa ajili ya nyoka."

"Hula vipi, basi?" Inspekta aliuliza.

Fundi aliinua vidole, akaanza kueleza kama anayemfundisha mtu kufungua saa ghali. Sungura au kuku awe amekwishakufa. Alowekwe kwenye beseni la maji moto mpaka apate joto kama la kiumbe hai, halafu akaushwe kwa taulo, maana Mwali hapendi manyoya yanayodondosha maji. Kisha atiwe ndani ya foronya ya mto, mdomo wa foronya uachwe wazi, pazia lishushwe, watu wote watoke. Mwali ataingia humo peke yake, ale huko huko ndani, gizani. Mtu akichungulia, hata kwa tundu la ufunguo, ataacha.

"Ndiyo maana nikamwita Mwali. Hali mbele ya watu. Na si foronya yoyote. Aliizoea moja ya mistari ya njano, kuukuu, harufu yake anaijua. Ikapotea. Nikanunua mpya, akaikataa. Nikaifua, nikailalia mimi mwenyewe usiku ipate harufu ya nyumba, wapi! Amegoma tangu wakati huo. Amekonda, mgongo umetokeza kama ukingo wa ubao. Nilishaanza kuogopa kwamba atakufa."

"Na jana ghafla akala."

"Ndilo linalonitia wazimu."

"Nani mwingine anayejua kumlisha hiv..."

"Hakuna."

"Umejibu kabla sijamaliza kuuliza, fundi."

Fundi alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya mtu anayeshika skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta.

"Kuna mtu alinilishia nilipovunjika mguu," alisema hatimaye. "Lakini huyo ni ndugu yangu kuliko ndugu. Alinibeba mgongoni kwenda chooni. Alinikorogea uji akaniinua kichwa. Jina lake halitatoka kinywani mwangu likaingia kwenye kitabu cha polisi kwa ajili ya tumbo la nyoka."

Inspekta hakumlazimisha. Alisimama, akachukua ufunguo wa vyumba vya fundi, akamwambia Sajini alete gari.

Vyumba vilikuwa viwili na bafu. Kufuli la mlango halikuvunjwa. Aliyeingia alikuwa na ufunguo wake. Mezani saa za watu zilikuwa zimefunguliwa matumbo, kila moja na visahani vyake vya springi na magurudumu, na hakuna hata kimoja kilichomwagika. Sanduku la chatu, kabati refu lenye kioo mbele na taa ya joto ndani, lilikuwa limefunguliwa, na mfuniko wake umeegemezwa ukutani kwa uangalifu.

"Mwizi mwenye adabu," alinong'ona Sajini.

"Hakuwa mgeni."

Bafuni walikuta beseni. Maji yalikuwa yamepoa zamani, na juu yake yalielea manyoya meupe, mafupi. Nyuma ya mlango, kwenye msumari wa taulo, ilining'inia foronya mbichi. Ilikuwa ya mistari ya njano.

Sajini alipiga kofi paja lake. "Si alisema ilipotea? Ametudanganya, afande! Yeye ndiye aliyemlisha, kisha akatoka ili arudi akijifanya hajui. Na mtoto amemficha. Tumembana, kwisha."

"Au hakuna aliyetudanganya," Inspekta alisema polepole. "Ilipotea, ikarudi."

Aliishusha foronya, akaisogeza puani. Harufu ya sungura aliyeloana ilikuja kwanza, nzito, ya kuchefua. Chini yake ilikuwapo harufu nyingine, kongwe, iliyoingia ndani ya nyuzi na kukaa. Alimpa Sajini anuse.

"Dizeli," alisema Sajini, cheko limemtoka usoni.

"Fundi saa anatumia dizeli?"

"Anatumia mafuta ya cherehani, tone moja moja."

Simu ya Sajini ililia. Alisikiliza, akaitikia mara mbili, akaishusha. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Afande. Chatu ametapika."

Walipofika, stoo ilikuwa imejaa watu mpaka mlangoni. Askari wa zamu alikuwa amelaza pipa ubavu baada ya kusikia vishindo, na vilivyotoka vilikuwa vimelala sakafuni juu ya gunia: sungura wawili wa kufugwa, weupe, wanene, wamelowa ute na wamenyooka kama soksi zilizovuliwa. Chatu alikuwa amejikunja ndani ya pipa, kichwa amekificha katikati ya mwili wake.

Msusi alikuwa amepiga magoti mbele ya gunia. Alimgusa sungura mmoja sikio, kwa ncha ya kidole.

"Sungura," alisema. Akacheka, akalia, akacheka tena. "Sungura, jamani! Hayumo!" Kisha akageuka, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto mbaya na kuikuta nyingine. "Basi mwanangu yuko wapi?"

Watu walianza kuzungumza wote kwa pamoja. Katika msukosuko huo Inspekta alimwona dereva akijipenyeza ukutani, akashuka veranda, akashika njia ya geti. Hakukimbia. Alitembea kama anayekwenda kutazama gari lake. Inspekta alimtupia Sajini jicho, na Sajini akamtangulia getini kwa njia ya nyuma.

"Baba," Sajini alimwambia kwa upole, amejaza mlango mzima, "mbona unaondoka wakati habari njema ndiyo kwanza imefika?"

Inspekta alipitia kwanza kwa fundi saa. Aliitandaza foronya mezani mbele yake. Uso wa fundi uling'aa.

"Hii! Hii ndiyo yenyewe! Mmeipata wapi?" Aliiinua akaikumbatia, kisha mikono yake ikapoa. Alikuwa ameinusa.

"Ilipotea siku gani, fundi?"

Fundi aliishusha foronya mapajani.

"Mficha uchi hazai. Huko nje kuna mama anayetafuta mtoto, na kuna watu wenye dumu la mafuta wanaokutafuta wewe. Siku hiyo nani alitoka nyumbani kwako?"

"Hakuwa na begi," alisema fundi, taratibu, kama anayejieleza mwenyewe. "Alifungasha nguo zake haraka haraka. Nilidhani ameichukua bila kujua. Foronya tu, nikasema, nani humdai rafiki foronya?" Akairudisha mezani. "Walipoachana na mkewe alivuka ujia, akaja kulala kwangu. Hata ufunguo sikumdai. Jengo zima linajua."

"Jengo zima linajua, na hakuna aliyetuambia."

"Hamkuwauliza, afande. Mlikuja kuuliza habari za nyoka."

Dereva alikaa katika kiti kile kile alichotoka fundi. Machozi yalikuwa yamemkauka kabisa, na bila machozi alionekana kijana kuliko walivyomdhania. Inspekta aliweka foronya mezani.

"Ulikumbuka yote," alimwambia. "Maji moto, taulo, pazia. Ulikumbuka hata foronya, ukairudisha, kwa sababu ulijua bila hiyo hatakula. Ulifundishwa vizuri. Ila ulipomaliza ukamtoa sandukuni kumlaza sebuleni apate kuonekana, na sisi tukambeba tena mpaka hapa. Chatu aliyeshiba hataki kubebwa. Hilo hukufundishwa?"

"Nilifundishwa," dereva alisema. "Nilidhani mtamuua hapo hapo na kumchoma. Watu wakiona nyoka hawana subira."

"Ndiyo maana ukatuomba tusimpasue."

Dereva aliisukuma foronya mbali naye kwa kidole.

"Kama ulimtaka mtoto, ungemwiba tu. Kwa nini yote haya?"

"Mtoto aliyeibwa hutafutwa." Aliyasema kwa utulivu, kama mtu aliyeyarudia moyoni njia nzima akiwa usukani. "Mama yake angemtafuta mpaka kaburini. Ninamjua, nimeishi naye. Mtoto aliyekufa hatafutwi. Huliliwa, kisha watu wakazoea. Mahakama ilinipa Jumapili asubuhi, afande. Nimwone mwanangu kwa saa ya ukutani, kama mgonjwa wa hospitali. Aliponiona mara ya mwisho akanificha uso kwenye sketi ya mama yake."

"Na rafiki yako?"

Kwa mara ya kwanza dereva aliinamisha kichwa. "Huwa anachelewa kurudi siku za kupeleka saa madukani. Nilijua watamalizana na nyoka kabla hajafika."

"Alifika mapema. Walitaka kumuua ngazini."

"Nimesikia."

"Fadhila ya punda," alisema Sajini kutoka mlangoni, akaishia hapo.

"Mtoto yuko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Yuko na damu yake."

"Kwa dada yako. Mama yake amenitajia ndugu huyo tu."

Dereva alitabasamu kidogo, bila furaha. "Hata mkijua, haitawasaidia. Leo leo wanavuka mpaka. Mkimpigia dada yangu, hatawaamini. Anajua mama wa mtoto alifariki mwezi uliopita. Anajua ndugu wa marehemu wanagombania yatima, na watampigia simu kumlaghai. Nilimwonya. Mkituma polisi atajificha, maana nilimwambia wana polisi wao."

Inspekta alisimama. Hakupoteza neno jingine kwake. Msusi alikuwa ujiani, ameegemea ukuta. Kwa namna alivyomtazama ilionekana alisikia kila kitu kupitia mlango mwembamba ule.

"Amenizika," alisema msusi. "Mimi hapa nilipo, amenizika."

"Namba ya wifi yako unayo?"

"Ninayo."

"Piga. Weka sauti tusikie sote."

Simu iliita kwa muda mrefu. Ilipopokewa, nyuma ya sauti ya mwanamke palisikika ngurumo ya basi na mtu akitangaza safari.

"Haloo?"

"Wifi. Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi, wifi. Mama Kibibi."

Sauti ikarudi imewaka moto. "Huna haya! Mama Kibibi tumemlilia mpaka macho yakakauka, wewe unatumia jina lake! Kakangu aliniambia mtapiga. Namba yenyewe mmeipata kwenye simu ya marehemu, washenzi nyie. Nakata, na basi linaondoka."

Inspekta alimshika msusi bega, akamnong'oneza, "Mwambie jambo ambalo halimo kwenye simu yoyote."

Msusi aliisogeza simu mdomoni kwa mikono miwili. Kisha maneno yakamtoka kwa pamoja, haraka, kama anayemwaga maji kuzima moto.

"Siku ya arusi yako nilikunyoosha nywele, nikakuchoma sikio la kushoto kwa pasi. Ulipiga kelele mpaka mama mkwe akagonga mlango, ukamwambia umeona mende. Tukakifunika kidonda kwa ua jeupe, tukacheka hadi wanja ukatiririka. Ukaniapisha nisimwambie mtu, na sijamwambia mtu mpaka leo, wifi. Sijafa. Usipande hilo basi. Sijafa."

Simu haikukatwa. Kilisikika kishindo, kitu kimegonga sakafu, na mtu mzima akilia kwa mbali bila kujizuia. Mtangazaji wa safari aliita abiria kwa mara ya mwisho. Kisha, karibu kabisa na simu, ikaja pumzi ndogo ya mtu aliyeinama kuchungulia.

"Shangazi," alisema Kibibi, "simu imeanguka."